Mwalimu Aliyekataza Glavu

Saa nne usiku kofuli lilikuwa bado kwenye mlango wa Mwalimu Luseno, na mimi nilikuwa dirishani tangu jioni. Nzembi, jirani yangu anayeuza mboga, alikuwa ameniletea nusu ya habari: binti yangu Nasambu ameumizwa mkono na mashine, na Mwalimu amempeleka hospitali. Hospitali gani? Hakuuliza. Mtu anabeba ujumbe kama huo bila kuuliza!

"Mama Nasambu, si ukae chini," akaniambia. "Hilo dirisha utalitoboa kwa macho."

Ningeenda wapi? Nikabaki kulitazama kofuli na kumkasirikia mwenye kofuli.

Luseno ninamjua kwa miaka sita, maana milango yetu hapa mtaani Umoja inatazamana. Alifanya kazi katika kiwanda cha misumari miaka kumi na tisa kabla ya kwenda kufundisha ufundi wa vyuma katika chuo kimoja upande wa Njiru. Ni mtu wa kuudhi. Alfajiri anapiga ovaroli pasi kama suti ya harusi, kisha anaikunja mikono hadi juu ya viwiko, hata mwezi wa Julai watu wakitetemeka. Havai saa. Pete ya ndoa anaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango kabla ya kutoka. Mkewe yuko mashambani Vihiga, kwa hiyo sisi wanawake wapangaji wa ploti hii tulidhani tunajua kwa nini mwanamume anaacha pete nyumbani, na aliyeanzisha maneno hayo ni mimi. Nasambu aliponieleza kwamba pete ikinaswa na mashine inang'oa kidole, niliona ni visingizio vya wanaume.

Chuoni, Mwalimu hufungua mlango wa karakana saa mbili kamili. Mwenye viatu vya wazi, nje. Mwenye nywele zinazoning'inia, nje. Nasambu, msichana pekee darasani mwake, alirudishwa mara mbili kwa ajili ya misuko yake. Hayo niliyavumilia. Kilichonishinda ni glavu.

Nilikuwa nimeona mikono ya mwanangu ilivyochubuliwa na vyuma. Nikaenda soko la mitumba la Gikomba nikamchagulia glavu za ngozi, nzito, kama mpya. Jioni akarudi nazo.

"Mathe, Mwalimu amezikataa. Eti kwa mashine ya kutoboa ni mikono mitupu."

"Mikono mitupu kwa chuma? Ana wazimu? Zivae akigeuka."

"Mathe, lakini..."

"Zivae, nimesema. Mkono ni wa mwanangu, si wake."

Usiku ule wa kofuli, ilikuwa karibu saa tano nilipomwona Luseno akiingia uani na Nasambu, mkono wa kulia umefungwa bendeji hadi kwenye kifundo. Nikawatokea mbio, nikahesabu ncha za vidole. Zote zilikuwapo.

"Viwili vimeteguka," Mwalimu akasema. "Nilikuwa karibu na swichi nikazima, ndiyo maana havikung'oka. Nilimkataza glavu mbele ya darasa zima, akazivaa kwa kiburi, moja ikanaswa. Karakanani asirudi. Mtu wa kiburi simpeleki kwenye mtihani wa gredi ya ufundi."

Nikamtazama Nasambu. Akatazama chini. Hakunitaja. Na mimi, Mungu anisamehe, nikanyamaza.

Vidole vikapona, mtoto akabaki nyumbani. Alipika, akafua, akaniitikia vizuri, na kila "ndiyo, Mathe" ilinichoma kuliko matusi. Miaka miwili ya masomo ilikuwa inaishia kwenye karai la nguo, maana bila gredi hakuna fundi anayeandikwa kiwandani. Zilipobaki siku kumi mtihani ufike, nikamwambia avae ovaroli, twende.

Tulifika Mwalimu akiwa ameshika mlango, wanafunzi wanaingia.

"Mwalimu, aliyemwambia avae glavu ni mimi."

Wanafunzi wakasimama. Mmoja akacheka, akakatazwa kwa jicho la Mwalimu.

"Wewe?"

"Mimi. Alikataa, nikamlazimisha."

Luseno akashusha pumzi. "Mama Nasambu, miaka sita unanichungulia dirishani. Umeniona hata siku moja nikitoka na glavu?"

Akaniambia nisimame kwenye dirisha la karakana. Akachukua glavu kuukuu, akajaza magunzi mahali pa vidole, akaifunga kwenye ncha ya fimbo ndefu, akawasha mashine ya kutoboa na kuisogeza glavu hadi ikagusa keekee, kile chuma cha kutobolea kinachozunguka. Sikuona ilivyoanza. Glavu ilikuwa imeshajisokota yote, fimbo imemponyoka, na vipande vya magunzi vinagonga ukuta. Akazima.

"Ngozi ikichubuka inapona," akasema aliporudi mlangoni. "Glavu ikishikwa haiachii. Inakwenda na mkono."

Kisha akamgeukia Nasambu, akamkagua kama askari: nywele zimebanwa chini ya kitambaa, mikono ya ovaroli imekunjwa, viatu vya ngozi vimefungwa.

"Na wewe, kwa nini hukusema?"

"Ni mama yangu, Mwalimu."

"Mashine haina mama. Viganja."

Akavionyesha. Vitupu.

"Ingia."

Akaingia. Nami nikainua mguu nimfuate, angalau nione anasimama wapi. Luseno akanyoosha mkono kuniziba.

"Leso yako inaning'inia, Mama Nasambu. Nje."

Akanifungia mlango usoni.