Risasi Ndefu ya Baba na Mianzi ya Isongole

Jumamosi, katikati ya Aprili. Mvua tangu alfajiri, ile ya kwetu isiyo na haraka. Mlima Rungwe haujaonekana kutwa nzima.

Mwanangu, jana ulipofika na bodaboda ukalikuta lile ganda tupu la risasi juu ya kabati, uliligeuza mkononi ukasema, "Baba, hii si ya makumbusho?" Sikukujibu. Mimi si mwepesi wa kujibu, na shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo maneno yangu huyapata nikishika kalamu, tena kwa kufutafuta. Leo nakujibu. Pengine nitaeleza vibaya, lakini sitarudi nyuma.

Ipo siku ya ujana wangu ambayo haijanitoka kichwani. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Kabla yake hata sabuni tuliipangia foleni, kisha ghafla maduka ya mtaa wa Bagamoyo, hapa Tukuyu mjini, yakajaa redio, baiskeli, mitumba na ndoo za plastiki za kila rangi. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi, sitasema vinginevyo. Ila furaha ile ilikuja na ugonjwa wake: chochote kilichokuwamo nyumbani kabla ya ruksa tulianza kukionea aibu. Mama yako aligawa vyungu vyake vyote akanunua sufuria nyepesi iliyounguza maharage mwaka mzima. Ukimuuliza leo atakataa.

Mimi nilikuwa na bunduki ya marehemu baba, kwa kibali halali, na kazi yake ilikuwa kulinda mashamba ya viazi na mahindi dhidi ya nguruwe mwitu wanaoshuka kutoka mlimani. Risasi yake tuliiita tatu sabini na tano. Ni ndefu, inapungua unene taratibu kuelekea mbele, mabega yake yameinama, na kitakoni imezungushiwa mkanda wa shaba. Kwa sababu ya umbo hilo huingia kwenye bunduki kwa ulaini na ganda hutoka kwa ulaini, hata mikono ikiwa na tope na mvua inakupiga usoni. Kichwa chake ni kizito na hakina mbio sana. Ilibuniwa kabla baba hajazaliwa.

Asajile, rafiki yangu niliyekua naye Kawetele, alikuwa akifanya biashara Tunduma. Akarudi na bunduki mpya, nyepesi, yenye darubini, na risasi fupi nene zenye kasi ya ajabu.

"Gwe, bado unabeba hilo bomba la maji?" alinitania mbele ya watu kilabuni.

"Linapiga," nikasema.

"Hata babu yangu anapiga, lakini anapiga chafya!"

Watu walicheka. Nami nilicheka, ingawa masikio yalikuwa yanawaka. Kisha akanivuta pembeni. Kuna mgeni mmoja wa uwindaji aliyekuwa akitafuta bunduki za zamani, na alikuwa tayari kutoa mpya. "Wewe chukua hii yangu, mimi nimpelekee yeye ya baba yako, anipe nyingine. Makaratasi ya polisi tutayafuata pamoja. Sikuibii, ndugu yangu." Na kweli hakuwa ananiibia. Nasema hivi kwa sababu wengine walikuja kumsema vibaya baadaye. Asajile aliamini kabisa kwamba ananitoa gizani.

Nilimwambia anipe muda hadi baada ya msako wa Isongole. Huko kulikuwa na dume la nguruwe lililofukua viazi vya watu shamba baada ya shamba na kumpasua mtu mmoja paja.

Kabla ya msako nilipita kwa mjomba Ambilikile, kaka yake mama, aliyekuwa askari wa wanyamapori mpaka magoti yalipomkatalia. Nilimkuta anapukuchua maharage.

"Ugonile, mjomba," nikamsalimu.

"Ndaga. Kaa, usinizibie mwanga."

Nikamweleza. Akaendelea na maharage yake.

"Hiyo ya baba yako ina ubaya gani?"

"Imepitwa na wakati, mjomba."

"Nani kakuambia? Kuna nguruwe aliyekuja hapa kulalamika?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Mali ni yako, badilisha ukitaka. Lakini mambo ya risasi ukaulize mianzini. Dukani watakujibu unachotaka kusikia. Baba yako mambo haya aliyajua, wewe unataka kujulishwa na darubini." Maneno hayo yaliniuma kuliko vicheko vya kilabuni.

Sasa kuna desturi yetu ya msako ambayo huenda hukuwahi kuiona. Anayemwaga damu ya kwanza ndiye mwenye mnyama. Nyama ya mgongo ni yake, na sifa ni zake. Lakini akijeruhi tu, ni yeye anayemfuata hadi mwisho. Hatumi mtu, wala harudi kwake kula.

Asubuhi ile mbwa walilitoa dume kwenye shamba, likapanda upande wa pili wa bonde. Wanakijiji walikuwa wamesimama ng'ambo huku, wanapiga kelele. Mimi nisingethubutu kupiga kwa umbali ule. Asajile alipiga, na nilisikia ikigonga. Mwanangu, ulikuwa mlio mzuri wa bunduki na ilikuwa shabaha nzuri. Dume likapiga magoti, likainuka, likaingia kwenye mianzi. Ng'ambo wakashangilia.

Mvua ikaanza. Asajile hakusita hata kidogo, aliingia, nami nikaingia nyuma yake kwa sababu ni rafiki yangu. Humo ndani darubini ilijaa maji, akawa haoni kitu. Damu ilikuwa matone tu, kisha mvua ikayafuta. Risasi ile ya kasi ilikuwa imepasukia kwenye ngozi nene ya bega, haikutokea upande wa pili. Tulisimama hatujui liko kushoto au kulia.

Lilitoka mbele yake, karibu sana. Asajile alifyatua; risasi ikakata mwanzi, ikapotea. Nikafyatua mimi, na mbele yangu pia kulikuwa na mianzi. Ile nzito ilipita kwenye mianzi kama haikuiona, ikaingia kifuani, ikatokea kwa nyuma. Dume lilianguka juu ya viatu vyake.

Bega langu lilikuwa linapwita. Bunduki ile inapiga teke kama punda, sikufichi.

Tulipolikokota nje, watu walikuwa tayari wanamwimbia Asajile. Damu ya kwanza ilikuwa yake, na mgongo ulikatwa ukawekwa mikononi mwake. Bunduki yake ilipita mkono kwa mkono, na vijana waliomba kuchungulia darubini. Yangu haikuguswa na mtu, na ganda lake tupu lilikuwa mfukoni mwangu, ndilo hilo ulilolikuta juu ya kabati. Sikulalamika, maana desturi ni desturi, na lile pigo la ng'ambo lilikuwa lake kwa haki.

Kesho yake alikuja nyumbani kuchukua bunduki.

"Haya, tubadilishane. Kijiji kizima kimeona."

Nikamwambia, "Hapana."

"Hapana nini? Watakucheka mpaka uzeeke."

"Wacheke. Kijiji kilikuwa ng'ambo ya bonde. Mianzini tulikuwa mimi na wewe."

Alitazama viatu vyake. Kisha akasema, "Nikiingia tena mianzini, nitakuita." Na aliniita, kila mara, mpaka alipohamia Mbeya.

Nimejiuliza mara nyingi kama ilikuwa bahati. Inawezekana. Mwanzi mmoja ungekaa vingine, labda nisingeandika haya. Na kwa swala wa mbali, kwenye uwanda mkavu, ningechagua ya Asajile, wala sioni haya kusema. Lakini hapa kwetu kuna ukungu, tope na mianzi, na mnyama unamkuta puani. Tangu siku ile wauzaji wameniambia miaka na miaka kwamba tatu sabini na tano imekufa, haitaagizwa tena. Hao waliotangaza msiba wameshafunga maduka, na risasi bado inaagizwa.

Basi nasaha yangu ni hii. Mtu akikuambia kitu chako kimepitwa, muulize kimeshindwa kazi gani, na wapi. Akikujibu kwa kazi, msikilize, hata kama ni adui yako. Akikujibu kwa tarehe ya kutengenezwa, funga mlango. Na usingoje watu wakupigie makofi ndipo usimame. Siku nyingine utasimama na ganda tupu mfukoni na mgongo umepewa mwingine, na bado uwe umesimama.

Mungu akupe macho ya kuona kilicho karibu na bega la kuvumilia teke lake. Akulinde njia ya kurudi, maana barabara inateleza.

Usiku huu tumekula mbalaga yetu ya ndizi na maharage. Mama yako ameipika kwenye chungu.