Doa la Mtamba Mweusi

Mimi katuni sizipendi. Wajukuu zangu wakiwasha televisheni na wale watu wa kuchorwa wakaanza kurukaruka, nachukua kigoda changu natoka nje, nao wananicheka kwamba bibi anaogopa picha. Siogopi picha. Nilishaziona kabla mama zao hawajazaliwa. Zilinifunza somo moja, nikalitumia vibaya, na aliyeumia si mimi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, kwetu upande wa Ngulyati. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, hakuna aliyeandika. Gari la sinema la serikali lilitokea upande wa Malampaka likiwa limejaa vumbi, likasimama kando ya ghala la pamba. Msimu wa kununua pamba ulikuwa bado, kwa hiyo ghala lilikuwa tupu. Wakafunga milango, wakatundika magunia kwenye matundu ya hewa, wakatandaza shuka jeupe ukutani. Nje jua la mchana linawaka, sisi humo ndani tumekaa gizani tunanusa magunia ya mwaka jana.

Walianza na filamu ya kupanda pamba kwa mistari. Wazee waliitazama wamenuna, maana bwana shamba alikwisha kuwaambia hayo hayo mpaka wakamchoka. Halafu wakaweka ya watoto, ya picha za kuchorwa.

Kulikuwa na binti mdogo wa mfalme. Baba yake amekwenda vitani, akamwacha na mlezi. Mlezi huyo alikuwa mzuri, anacheka muda wote, anamchana binti nywele, anamletea matunda. Binti alikuwa na jiwe linalotoa mwanga, na kila akiamka analikuta mwanga wake umepungua. Na huko nje kulikuwa na dude la manyoya, lenye jicho moja, limelala mlangoni kwake linakoroma. Sote tulijua mwizi ni nani. Tulilizomea lile dude mpaka koo zikakauka. Kisha picha ikatuingiza chumbani kwa mlezi, tukamwona yuko peke yake, analimega lile jiwe na kuficha vipande ndani ya mto wa kulalia. Dude lilikuwa linalinda mlango tu.

Bwana wa kutafsiri, aliyekuwa akisema Kisukuma ndani ya bomba la bati, akatuambia, "Mmeona, watoto? Mliyempenda ndiye mwizi. Msimwamini mtu kwa sababu anawachekea."

Maneno hayo yaliniingia sawasawa, kwa sababu hata nyumbani kwetu hatukuwa watu wa kuaminiana. Baba alikuwa akifunga mlango wa ghala la mtama kwa kamba ya majani, na fundo lake alilifunga kwa namna yake mwenyewe, ili akirudi ajue kama kuna mkono mwingine uliogusa. Mgeni akisifu ng'ombe wetu, baba anamwuliza amewaonea wapi. Na baadhi ya ng'ombe hakuwaweka nyumbani kabisa. Aliwaweka kwa watu wengine, kama wafugaji wengi wa kwetu walivyofanya. Maradhi yakiingia zizini yasimalize wote, na macho ya watu yasijue una wangapi. Anayekutunzia ng'ombe anakunywa maziwa yake, hiyo ndiyo faida yake. Lakini ng'ombe akifa, anapaswa kukuletea ngozi na masikio yake, uone alama yako uliyoikata sikioni. Bila masikio, mtu anaweza kukuletea ngozi yoyote na ng'ombe wako yuko hai kwa shemeji yake.

Watatu kati ya ng'ombe wetu walikuwa kwa mjane mmoja aliyekaa ng'ambo ya korongo. Walikuwa ng'ombe mmoja wa maziwa, ndama wake, na mtamba mweusi mwenye doa jeupe ubavuni. Huyo mjane aliolewa kwetu akitokea Zagayu, mume akafa, kisha binti yake wa pekee akafa siku ya kujifungua. Akabaki na mjukuu wa kike, kichanga cha miezi michache. Mtoto yule hakuwa na ziwa la kunyonya duniani zaidi ya ng'ombe wetu. Bibi yake alimnywesha kwa kata ndogo ya kibuyu, tone kwa tone. Watu wote walijua hilo, na mimi nilijua.

Mjane alikuwa mtu wa kucheka. Akija kwetu anaanza kucheka akiwa bado kwenye ua wa minyaa ya boma, na salamu zake hazina mwisho. Ananiletea maziwa ya mgando, ananipaka samli kichwani, ananiita mayu kana kwamba mimi ndiye mama yake. Nilimpenda sana. Nilipotoka kwenye lile ghala la pamba nilianza kumwangalia.

Nilianza kuwaangalia wote, kusema kweli. Wiki nzima watoto wa kwetu tulikuwa wapelelezi. Mjomba aliyetupa miwa tulimfuata kwa nyuma mpaka msalani, akatutupia fimbo. Shangazi aliyenisuka vizuri nilimwuliza anataka nini. Lakini mjane ndiye aliyefanana na yule mlezi kuliko wote. Kwa nini anipake samli mimi ambaye si wake? Kwa nini acheke, mtu aliyefiwa na mume na binti? Nikawa nakunywa mgando wake huku nimekodoa macho.

Asubuhi moja akaja na ngozi kichwani, imekunjwa ingali mbichi, na kikapu cha nyama kilichofunikwa majani. Baba alikuwa amekaa uani na wazee wawili majirani.

"Mwangaluka," akasalimu, na wakaitikia. Akapiga magoti, akasema mtamba hakurudi jana jioni na wenzake. Alimtafuta mpaka akashindwa, alfajiri akamkuta korongoni, fisi wamekwisha kula sehemu ya nyuma na kichwa wameondoka nacho.

Baba akaitandaza ngozi chini kwa mguu. Ilikuwa imejikunja na kujikunyata, imechanika upande wa nyuma.

"Masikio yako wapi?" akauliza.

"Baba, kichwa wamekwenda nacho."

"Fisi wamechagua kichwa."

Mjane akacheka kidogo. Leo najua kile kicheko. Nimekicheka mwenyewe mbele ya askari, mbele ya daktari, mbele ya wakwe. Ni kicheko cha mtu anayeogopa. Lakini siku ile niliona meno tu, na nikaona shuka jeupe ukutani. Nikasogea, nikainama juu ya ngozi, nikasema bila kuulizwa, "Doa la mtamba wetu lilikuwa kubwa kuliko hili."

Wazee wakanigeukia. Baba akauliza, "Una hakika?"

Sikuwa na hakika. Nikasema, "Nina hakika. Huyu si wetu."

"Mayu, tazama vizuri," mjane akaniambia kwa upole, na ule upole ukanizidishia ubishi. Nikarudia kwamba si wetu.

Baba akawaambia wazee, "Mtoto huyu ana macho." Hakuwahi kunisifu kabla ya hapo. Kichwa kikanivimba. Siku hiyo hiyo akavuka korongo na fimbo yake akawaswaga ng'ombe wake nyumbani, wa maziwa na ndama. Mimi nilimfuata, nisikose kuona. Mjane hakubishana naye habari za ngozi. Aliomba jambo moja tu, amwachie ng'ombe wa maziwa mpaka mtoto aanze kula uji. Mtoto alikuwa mgongoni mwake amelala.

"Ng'ombe wangu analala kwangu," baba akasema.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo sijawahi kumwambia mtu. Kesho yake kaka yangu aliichukua ile ngozi akaiwamba uani. Aliilowesha kwanza, akaivuta huku na huku, akakaza vigingi pande zote, ngozi ikanyooka. Na doa likanyooka nalo. Mikunjo yote iliyokuwa imelibana ikafunguka, likawa doa lile lile nililolijua, pana kama ungo, lenye pembe moja iliyoelekea tumboni. Nilisimama pale na kikapu cha michembe, vile viazi vya kukausha, mkononi nikaliangalia. Nilielewa mara moja. Sikuhitaji mtu wa kunitafsiria.

Nikanyamaza. Ndiyo, nilinyamaza. Niliogopa fimbo ya baba, lakini nisijitetee kwa hilo, maana fimbo nilizoea. Nilichoogopa zaidi ni kupoteza yale macho niliyosifiwa. Jioni mama alinipa maziwa ya yule ng'ombe, nikayanywa.

Sikumlilia mtu uchungu wangu, nilitafuta sababu. Nilijiambia labda ngozi zote huwa hivyo zikiwambwa. Nilijiambia mjane ana hila ambazo hatujaziona. Kila nilivyozidi kujua kwamba nimekosea ndivyo nilivyozidi kumshuku, na hilo ndilo jambo linalonitia hasira mpaka leo nikilikumbuka. Kwenye ile filamu tulionyeshwa chumbani. Tulimwona mlezi kwa macho yetu akimega jiwe. Chumbani kwa mjane hakuna aliyeniingiza. Nilikichora mwenyewe, nikampa mto, nikampa vipande vya jiwe.

Siku zikaenda. Tukasikia mjane anazunguka na kibuyu nyumba hadi nyumba, anapewa huku kidogo, kule ananyimwa, maana habari za ngozi zilikuwa zimemtangulia. Maziwa ya mbuzi yalimharisha mtoto. Mwanamke mmoja aliyetoka kumwona alimwambia mama kisimani kwamba mtoto amebaki macho tu na halii tena. Mama alijitwika mtungi tukarudi, na njia nzima hakunitazama.

Kesho yake mama akaaga kwamba anakwenda kutafuta kuni. Akakaa mpaka jua likapinda, akarudi bila kijiti hata kimoja, magoti yamechubuka. Alikuwa amepanda na kushuka yale majabali ya juu ya korongo, anapekua mapango ya fisi. Akafungua kanga yake, akaweka kitu juu ya kigoda cha baba. Lilikuwa fuvu la mtamba. Sikio moja lilikuwa bado limeshikana na kipande cha ngozi kikavu, na sikioni kulikuwa na mikato miwili chini na tundu moja juu, alama ya baba.

Baba alilishika sikio, akaipapasa ile mikato kwa kidole. Kisha akainua macho, akaniangalia mimi, halafu akaiangalia ile ngozi kavu kwenye vigingi vyake. Hakunichapa. Afadhali angenichapa.

Alimpeleka ng'ombe mwenyewe, na wale wazee wawili nyuma yake, akamwomba mjane msamaha mbele yao. Kwa mtu kama baba hilo halikuwa jambo dogo. Mjane alimsikiliza, akashukuru, "Wabeja, baba." Lakini alikataa kumpokea ng'ombe.

"Akifa huyu nitakuletea nini?" akasema. "Akae kwako. Mimi nitakuja na kibuyu."

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi alivuka korongo na mtoto mgongoni, na mtoto akanenepa taratibu, tukamshukuru Mungu. Mama alimkamulia, na mimi ndiye niliyempelekea maziwa pale kwenye minyaa, kwa sababu uani hakuingia tena. Alinisalimia vizuri. Aliniita mayu kama zamani. Kucheka hakucheka.

Na kabla sijamimina, alikuwa anakipindua kibuyu chake kwanza, anakigonga chini, nione hakina kitu. Nikimaliza kumimina, anakiweka chini, anamshusha mtoto, anaikung'uta kanga yake mbele na nyuma, ananyoosha viganja vyote viwili nivitazame, ndipo anamrudisha mtoto mgongoni na kuondoka. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Baba alimwomba aache, mama alimsihi karibu kulia. Alikuwa anajibu, "Ni sawa tu, mnitazame." Mimi nilitazama pembeni, naye alisubiri mpaka nigeuke nimtazame.

Akafanya hivyo mwaka wa kwanza na wa pili. Mtoto akaanza kutembea, akawa anakuja kwa miguu yake ameshika kanga ya bibi yake. Asubuhi moja nilimimina maziwa, mjane akakung'uta kanga yake kama kawaida. Yule mtoto akasimama mbele yangu, akashika kigauni chake kwa mikono miwili akakikung'uta, akazunguka mara moja nimwone mgongoni, akaninyooshea viganja vyake vitupu. Alikuwa anatabasamu. Alidhani ndivyo watu wanavyoagana.