Wakili wa Meza ya Kulia

Katika ukoo wa akina Quansah hakuna aliyewahi kuvaa wigi la uwakili isipokuwa Araba. Kwa miaka mingi alikuwa mshirika katika kampuni kubwa ya mawakili kule Accra, na mjomba wake Kwamena, mkuu wa ukoo, alilitaja jambo hilo katika kila msiba aliohudhuria.

Kisha mama yake Araba akapooza miguu. Araba akaiomba kampuni imruhusu kufanyia kazi nyumbani Cape Coast, aende Accra pale tu inapobidi. Wakubwa wake wakamjibu kwamba wakili huonekana ofisini. Hakubishana nao. Aliaga kwa heshima, akarudi kwa mama yake, na kwenye meza ya kulia chakula akaanza uwakili wake mwenyewe. Asubuhi alimwogesha mama, kisha akaandika hoja. Mchana alipokea wateja barazani.

Mjomba Kwamena hakuridhika. Watu walikuwa wakimuuliza kama mpwa wake alifukuzwa. Asubuhi moja akaja amejitanda kitambaa chake kizito cha heshima, kimepita juu ya bega moja, uamuzi anao tayari: mgonjwa apelekwe kwa binamu Takoradi, Araba arudi Accra kuomba kiti chake.

"Wakili gani anashinda nyumbani kama kuku anayeatamia?" alimuuliza dada yake.

"Kuku anayeatamia ana kazi, kaka," mgonjwa alijibu kutoka kitandani. "Wewe una kazi gani asubuhi hii?"

Araba alimwomba mjomba asubiri. Wanawake wachoma samaki wa Elmina walikuwa wananyang'anywa uwanja wao, na kesi yao ilikuwa inasikilizwa kwa video saa hiyo. Alivaa kila kitu: ukosi mweupe uliopigwa pasi na mama akiwa kitandani, joho, wigi, hata viatu ambavyo hakuna ambaye angeviona. Katika mahakama za kwao, wakili asiyevaa hivyo jaji husema hamwoni, wala hamsikilizi.

Jaji alipotokea kwenye skrini ya kompyuta, Araba alisimama, akainama. Wakili wa upande wa pili alianza na dhihaka.

"Mheshimiwa, mwenzangu msomi yuko jikoni. Nasikia jogoo."

"Jogoo hana shauri mbele yako, Mheshimiwa," alisema Araba, uso haukubadilika. "Wateja wangu wanalo. Naomba niendelee."

Akaendelea, bila kuinamia karatasi, akieleza jinsi mama na bibi za wanawake wale walivyochomea samaki pale pale, mpaka jaji akaamuru uwanja usiguswe hadi kesi iishe.

Ndipo alipogeuka. Mjomba Kwamena alikuwa amesimama kando ya ukuta tangu jaji alipotokea. Alikuwa amevua ndara, na kitambaa amekishusha kutoka begani, kama afanyavyo kwa heshima mbele ya chifu.

Alikipandisha taratibu. Habari ya Takoradi hakuitaja tena, siku ile wala baadaye.

"Wakili," alisema, yeye ambaye maisha yote alimwita Araba tu, "hao wanaoniuliza, nitawaleta hapa wajionee wenyewe. Ila huyo jogoo umfungie."