Anakaa Kama Anaomba Kitambulisho

Mnisamehe mwandiko wangu kwanza. Niliishia darasa la nane, na mkono wangu hutembea polepole. Nikiuharakisha, herufi zinalaliana. Penye makosa ya herufi mtanirekebishia wenyewe mkisoma. Ningemwomba mtu aniandikie, lakini haya ni mambo ya nyumbani na naona haya kuyasema kwa sauti.

Nina binti wa miaka minne. Mama yake anapika katika ofisi moja ya misaada kule Dadaab, anarudi kwetu mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote mtoto yuko nami hapa Galbet, kwenye studio ya mjomba wangu, ambaye namwita abti. Kazi yetu ni picha ndogo za kubandika kwenye fomu. Mteja anakaa kwenye stuli mbele ya kitambaa cheupe, na abti anasema maneno yale yale: "Kaa sawa. Kidevu juu. Masikio yaonekane. Usicheke." Anaogopa sana picha kurudishwa.

Binti yangu amekulia chini ya meza ya studio hiyo, na hapo ndipo shida ilipoanza. Nikiinua kamera tu, hata awe anafukuza mbuzi wa jirani huku anapiga kelele, anasimama wima. Anavuta mtandio nyuma, masikio yanatoka, kidevu kinapanda, uso unakauka. Hakuna aliyemfundisha. Amesikia tu, kila siku.

Picha hizo ndizo nilizokuwa nikimtumia mama yake. Jumatatu moja akanipigia simu.

"Mbona mtoto wangu anakaa kama anaomba kitambulisho? Chifu amemkataa?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Anacheka lakini? Hata kidogo? Hooyo, mama yangu, ameona picha zote. Anasema mtoto hana furaha, mwanamume hawezi kulea. Ijumaa anatoka Balambala kuja kumchukua."

Nilikuwa na mengi ya kusema. Kwamba huyu mtoto anacheka uji ukimwagika, anacheka akipiga chafya, anacheka usingizini. Nikasema, "Sawa."

"Sawa nini? Nitumie picha moja tu anacheka, nimwonyeshe mama."

Hata simu haisaidii. Ukimpa mtoto aongee na mama yake, anatikisa kichwa tu, anadhani anaonekana. Na kioo cha kamera ya simu yangu kimepasuka, kila kitu kinatoka kama kimepigwa ndani ya maziwa. Nilibaki na kamera ya studio.

Lenzi yake ni ya zamani, ya wakati wa filamu, nzito, ya chuma. Ile mpya iliyokuwa ikijilenga yenyewe iliingiwa na vumbi ikafa, ndipo abti akaitoa hii sandukuni. Haifanyi chochote peke yake. Lazima uzungushe pete yake kwa mkono, huku na huku, mpaka ukungu uondoke usoni pa mtu. Mafuta ya ndani yamekauka kwa joto, inazunguka kama kifuniko chenye mchanga. Kwa wateja si taabu: stuli haisogei, kamera haisogei, na abti ameifunga pete kwa tepu nyeusi ya umeme isihame.

Jumanne niliitoa tepu nikatoka na kamera. Binti yangu alikuwa anamweleza jambo punda wa mkokoteni wa maji, anacheka hadi anashika tumbo. Nikazungusha. Sikio la punda likawa safi. Nikazungusha tena, nikamfikia yeye, na kumbe ameshaniona.

"Aabo," akaniita baba yake, "masikio yanaonekana?"

Yalionekana, yote mawili.

Jumatano nilijificha nyuma ya pazia la mlango. Nililenga kizingiti cha jirani, mahali anapopenda kuruka. Akatoka jirani mwenyewe, mama mtu mzima.

"Waryaa! Unanipiga picha mimi?"

Nilitazama chini, na mtu anayetazama chini ana hatia. Mtoto ndiye aliyejibu: "Anapiga masikio yangu."

Niliporudi ndani, nikaikuta studio imejaa. Niliirudisha tepu kwa haraka, vibaya, na wateja wanne wakatoka na ukungu. Mwanamke mmoja alishika picha yake akauliza, "Huyu ni nani, mimi au jini?" Abti aliwarudia wote bure. Baadaye akaniambia bila kunitazama, "Tepu hii ukiigusa tena, tafuta punda wako na mkokoteni wako."

Alhamisi nilifanya jambo ninaloliona aibu kuliandika. Nilimweka mtoto kwenye stuli nikamwambia acheke. Akanyoosha kidevu. Nikasema tena, kwa sauti ya juu, "Cheka!" Akalia. Nilifikiri, kama bibi yake angeingia sasa hivi, angekuwa na haki.

Baada ya sala ya alasiri abti hakuwa amerudi. Nilikuwa nimeichomoa kamera kwenye stendi yake ili niifute vumbi, nimekaa sakafuni pale pale stendi iliposimama, kamera magotini. Nilikuwa nimechoka hata kumtazama mtoto. Akapanda stuli mwenyewe.

"Wewe! Kaa sawa!"

Nikakaa sawa.

"Masikio!"

Nikavuta kofia mpaka ikafunika masikio yote mawili.

"Siyo hivyo! Aabo! Masikio! Utarudishwa!"

Nikafunika na macho. Nilimsikia anaanza, kile kicheko kinachoanzia puani. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba yuko kwenye stuli, na mimi niko mahali pa kamera, na tepu iko pale pale abti alipoifunga. Hakukuwa na cha kuzungusha. Nikabonyeza bila kuinua kamera.

Ilitoka picha moja. Alikuwa ameinama mbele kwa kucheka, kwa hiyo uso ulipita pale tepu ilipoifunga lenzi ilenge, masikio yakabaki pale. Masikio ni safi, unaweza kuhesabu nyuzi za mtandio. Mdomo uko wazi, na pengo la jino alilovunja mlangoni linaonekana. Macho ni ukungu mtupu.

Niliituma. Mama yake aliituma kwanza kwa hooyo, kisha akapiga.

"Ndiye huyu," akasema. "Mama ameiona. Anauliza macho yako wapi, lakini Ijumaa haji. Anasema atakuja mwezi ujao, na kabla ya hapo anataka nyingine, yenye macho."

Sasa ni wiki ya tatu. Mchezo ule ulifanya kazi mara moja tu. Siku hizi akipanda stuli anacheka kabla sijaketi, anaonyesha meno yote, macho makavu, kama mtu aliyeambiwa. Nje, nikimfikia na pete, ameshageuka. Juzi nilipata kisogo chake kizuri sana.

Kama wewe unayesoma hapa una mtoto na lenzi ya kuzungusha kwa mkono, niandikie unafanyaje. Unamngoja, au unamfuata? Mkono wako unajuaje atakapokuwa? Andika kwa herufi kubwa, nasoma polepole. Na usichelewe, mwezi unakaribia kuisha.