Kitenge Juu ya Mashine ya Kusaga

Pale Burungu, watu wa kilima cha ng'ambo hawakusikia mashine yangu ya kusaga. Waliona moshi yake. Ikipanda nyeusi, wamama walibeba mahindi wakashuka. Isipopanda, walisema mashine imekufa, wakaenda zao shambani.

Mimi nilitoka Buleusa. Muke wangu alikufa, watoto wako mbali, na jirani nilikuwa naye mumoja tu, mama muuza maziwa. Kila asubuhi alisimama kwenye lupango, ule ua wa miti katikati yetu, kunigombeza.

"Papa, watu wanasema maziwa yangu inanuka mazutu, mafuta ya moteri yako! Ukiendelea vile, nahamia kwa dada yangu kule Kitchanga. Sikutanii!"

Eh, nilimuamini. Akienda, nani tena angeniambia hata jambo?

Nikafungua moteri, nikatoa enjekteri, kile kichuma chenye kupuliza mazutu ndani. Fundi wa zamani alikuwa amepanua matundu ya ncha yake na waya ya freni ya velo, ya baiskeli, eti mashine ipate nguvu. Huku kwetu wote tunafanya vile. Kumbe tundu likiwa kubwa, mazutu inaingia matone manene, haiungui yote, ndiyo maana inatoka moshi. Nikaagiza ncha mpya Goma, nikasogeza pompe yenye kusukuma mazutu ili iingie mapema kidogo, nikawasha. Mungu wangu! Bomba lilitoa hewa tu.

Nikangoja mama wa maziwa aje kunisifu. Wapi! Maziwa yake ilikuwa safi, hakuwa tena na sababu ya kusimama kwenye lupango. Wateja nao hawakushuka: hawakuona moshi. Nilikaa na mashine yangu nzima, nikiiwasha na kuizima bure, na upweke ukaniuma vibaya sana. Nikashika ile ncha ya zamani, ufunguo wa kufungulia nati mu mukono wa pili. Kuirudisha ilikuwa kazi ndogo. Lakini nikafikiri yale maziwa, nikaiacha.

Nikafungua sanduku, nikatoa kitenge chekundu cha marehemu muke wangu, kile alichovaa kanisani, nikakitundika juu ya muti murefu kando ya mashine. Jumapili nikawaeleza watu kanisani: mukiona kitenge juu, mashine inasaga. Kesho yake wamama wakashuka wakipiga kelele: "Papa, tumeona kitenge!" Tulicheka sana. Jioni wakapanda kwao.

Nikakishusha nikikunje. Zamani yeye alishika upande wake, mimi wangu, tukakutana katikati. Sasa ule upande wake uliburuta mu vumbi. Nililia, mwanaume muzima.

"Papa! Kitenge nzuri vile unaipanguzia chini?" Mama wa maziwa alikuwa ameshazunguka lupango, anakuja na hasira yake yote. "Leta huku! Wanaume, hata kukunja hamujui!"

Akashika ule upande mwingine, akaukung'uta vumbi, akanigombeza mpaka tukakutana katikati.