Sindano Yangu Katikati ya Soko la Mbuzi

Hadi leo nikikaribia soko la mbuzi hapa Garissa navuta mtandio hadi puani, na bado wapo wachuuzi wanaonitambua kwa mwendo tu.

Daktari aliniambia sukari yangu inapanda, uzito lazima ushuke, nichague sindano: ya kila siku au ya kila wiki. Mtu mwingine angejibu palepale. Mimi nilikwenda nyumbani nikachora jedwali (digrii yangu imenifikisha hapo), nikawaza je, nikisahau ya wiki, je, nikichoka kujidunga kila siku, ipi inatapisha zaidi, na Ramadhani itakuwaje, nikawaza wiki tatu nzima hadi daktari mwenyewe akanipigia simu, ndipo nikachukua ya wiki.

Sasa sindano inataka baridi, na friji yetu ni ya Hooyo, mama yangu, anayeuza maziwa ya ngamia mtaani kwetu Iftin, na kwake mtoto aliyekonda ni aibu ya nyumba. Basi nikaifunga kwenye mfuko mweusi, nikaisukuma nyuma ya madumu. Nilichosahau, mimi ninayewaza kila kitu, ni kwamba Abti, mjomba wangu mfugaji kutoka kijiji cha Sangailu, huweka chanjo ya mbuzi wake mlemle, kwenye mfuko mweusi.

Asubuhi nikafungua friji nikakuta chanjo tu; Abti alikuwa ameondoka na mfuko wangu kwenda sokoni. Nilikimbia (kwa uzito huohuo, kwenye jua hilohilo) nikamkuta Abti katikati ya soko, ameinua sindano yangu juu, na muuza dawa za mifugo anamsomea karatasi.

"Mzee, hii ni ya kupunguza uzito."

"Ya kukondesha mbuzi?" Abti akafoka. "Wallahi, ukame unakondesha bure!"

Soko likaangua kicheko.

"Ngoja, kuna jina hapa," akasema yule muuzaji, akasoma langu, la baba na la babu, mimi nimesimama pale natweta.

Dawa ilikuwa imeshapata joto, daktari akasema nisiitumie. Hooyo alijua kabla sijafika nyumbani.

"Una sukari," akasema polepole, "na unanificha mimi?"

Afadhali angepiga kelele.

Sindano mpya aliiweka mwenyewe mbele kabisa ya friji, jina langu kwa herufi kubwa, na wateja wa maziwa wanauliza nimepungua kilo ngapi. Nimeapa sitaficha tena dawa, hasa kwenye friji ya wafugaji. Na ile hofu ya kusahau sindano ya wiki? Kila Ijumaa Iftin nzima inanikumbusha.