Maneno ya Mama Yaliyosafiri Hadi Kathonzweni

Kompyuta niliyokuwa nayo Matinyani ilitumia mfumo wa uendeshaji ambao mafundi wa mjini Kitui hawakuwa wamewahi kuusikia. Walinicheka, wakaniuliza kwa nini sitaki kuwa kama watu wengine. Mimi niliupenda. Ulikuwa mwepesi, na mashine nzee kama yangu iliubeba bila kulalamika.

Mwaka ule Mama alikuwa akingoja kupasuliwa. Alikuwa na neno la kumwambia dada yangu mkubwa, mwalimu kule Kathonzweni, lakini hakutaka kulisema kwa simu.

"Nitalia, naye atalia. Hatutamaliza."

Basi nikamwekea kinasa sauti chumbani, nikatoka nje. Sharti lake lilikuwa moja: asisikie mtu mwingine. Ndiyo maana nikataka kuituma faili ya sauti yake kwa njia ya siri, ile inayoifumba safari nzima hadi imfikie mwenyewe. Lakini programu ya kutuma hivyo katika mfumo wangu ilikuwa ya kizamani, na kompyuta ya dada ikaikataa katakata. Niliwaandikia wapenzi wachache wa mfumo huo, watu wa nchi za mbali, hadi mmoja akanitumia programu mpya aliyoitengeneza mwenyewe.

Alasiri moja kompyuta zikaanza kusikilizana. Yangu ikauliza kama naiamini ile ya upande wa pili, ikanionyesha mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Nikampigia dada.

"Nisomee alama za kompyuta yako, nione kama ni hizi."

Akasoma kwa sauti ya darasani, moja baada ya nyingine. Mama, aliyekuwa mlangoni akichambua mbaazi, akauliza kwa Kikamba kama tunaomba au tunahesabu mbuzi. Dada alimsikia, akacheka hadi akapotea, tukaanza upya.

Zililingana. Faili ikaenda. Baadaye dada akapiga simu, sauti imebadilika.

"Nipe Mama."

Nikampa, nikaenda shambani nisiwasikie. Hadi leo sijui dada aliambiwa nini, na sijamuuliza.

Upasuaji ulienda salama. Mvua zilipokuja, Mama alipanda kunde zake mwenyewe, na Mungu akatuachia yeye kwa miaka kadhaa. Siku hizi natuma kila kitu kwa simu, kinafika kabla sijakiwazia. Lakini alasiri ile naitamani: sisi watatu, wawili Matinyani na mmoja Kathonzweni, tukingoja pamoja.